Saa Iliyonidanganya kwa Megahezi 24

Bodi mpya niliyokuwa naiandikia viendeshi, yaani programu za kuamsha saa na kumbukumbu yake, iliwaka vizuri, na hilo ndilo lililoniponza. Laiti ningeandika kiendeshi kibovu kabisa, bodi ikakaa kimya kama gogo, ningejua siku ileile kwamba kazi haijaisha. Lakini yangu iliwaka. Ikajitambulisha kwenye konsoli, ikapakia kerneli (kiini) ya Linux, ikanipa mahali pa kuandika amri. Nikaiacha ikiendelea na majaribio ya usiku, nikaenda kulala usingizi wa mtu aliyemaliza.

Asubuhi nikakuta konsoli imejaa kilio cha kerneli. Hitilafu ilikuwa ndani ya fanksheni ya mfumo wa mafaili, msimbo ambao mimi sijawahi kuugusa wala sina sababu ya kuugusa. Nikawasha tena: sawa. Nikawasha na kuzima mfululizo, na mara ya kumi na moja kerneli ikakataa kujifumua, ikidai data iliyobanwa ina kasoro. Mara ya kumi na mbili: sawa, kana kwamba hakuna lililotokea. Kila nilipofuta chozi la aina moja, lililofuata lilikuwa la aina nyingine. Aliyewahi kufanya kazi hii atakuwa ameshatikisa kichwa. Makosa yasiyofanana, yanayotokea mahali tofauti kila mara, ni kumbukumbu inayooza polepole.

Ilinichukua siku kumi na tano kufika kwenye chanzo, na chanzo hakikuwa kwenye kiendeshi cha kumbukumbu hata kidogo.

Kwa msomaji ambaye hajaingia huku chini, nieleze kwa ufupi. Chipu ikipata umeme, kitu cha kwanza kinachotembea ni msimbo mfupi uliochomwa ndani ya ROM yake (kumbukumbu isiyobadilika) na waliotengeneza chipu. Huo huenda kwenye kadi au kwenye flashi, huchukua kipande kidogo cha programu na kukiweka kwenye SRAM, kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya chipu yenyewe. Kwenye chipu yangu SRAM hiyo ni kilobaiti 64. Zile megabaiti 512 ambazo mteja anaziona kwenye maelezo ya bidhaa, hapo bado ni vipande vya silikoni vilivyolala. Havisomeki wala haviandikiki. Kipande kile kidogo, ambacho kwenye U-Boot, programu inayowasha mfumo, tunakiita SPL, ndicho chenye kazi ya kuamsha saa, kisha kuamsha kumbukumbu, kisha kupakia U-Boot kamili ndani ya kumbukumbu hiyo na kuikabidhi usukani. Staki yako, vigeu vyako, msimbo wako, vyote vinabanana kwenye kilobaiti 64. Ukiandika ujumbe mrefu wa makosa unaona linka, inayounganisha vipande vya programu, inakukatalia kwa kukosa nafasi.

Saa ndiyo huja kwanza, kwa hiyo nianze nayo.

Kwenye bodi kuna kristali moja ya megahezi 24. Kila kitu kingine kinazaliwa kutoka hapo. PLL, sakiti ya kuzidisha mapigo, huchukua mapigo hayo milioni 24 kwa sekunde, huyazidisha kwa namba unayoandika kwenye rejista (kisanduku kidogo cha namba ndani ya chipu), kisha vigawanyo huyapunguza kwa ajili ya kila anayehitaji: prosesa, mabasi ya ndani (njia za kupitishia data), kidhibiti cha kumbukumbu, na kadhalika. Kwenye karatasi ni hesabu ya darasa la sita. Kwenye chipu ni suala la mpangilio. Huwezi kubadilisha PLL ambayo prosesa inaitegemea wakati prosesa inatembea juu yake. Unaihamisha prosesa kwanza irudi kwenye kristali, unapanga vigawanyo vya mabasi, unaandika namba mpya ya PLL, unasubiri biti ya kutulia isome 1, ndipo unairudisha prosesa. Ukitanguliza PLL na kuacha vigawanyo baadaye, basi lililozoea mwendo wa taratibu linapigwa mapigo ya gigahezi na kila kitu kinaganda pale pale, bila ujumbe, bila kwaheri. Na kama kasi mpya inahitaji volti kubwa zaidi, volti hupandishwa kabla ya saa, si baada yake.

Kile kitanzi cha kusubiri PLL itulie nacho kina mambo yake. Nimeona misimbo mingi inayosubiri bila kikomo: biti isipokuja, bodi hukaa hapo milele na wewe hujui imekwama wapi. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi huweka kikomo cha milisekunde kadhaa, kikipita nawasha taa ya LED kwa mtindo ninaoujua. Taa moja ya LED na mitindo mitatu ya kupepesa imenisaidia kuliko dibaga nyingi, vile vifaa vya kuchungulia ndani ya chipu.

Jambo la kuangalia ni UART. Ile bandari ya siriali inayokuletea maandishi inagawanya saa yake mwenyewe kupata kasi ya 115,200. Kutoka megahezi 24, unagawanya kwa 16, kisha kwa 13, unapata 115,385 hivi, tofauti ya asilimia 0.16, ambayo haimsumbui mtu. Kwenye bodi moja ya zamani UART ilikuwa inakula kutoka kwenye basi, na basi linatoka kwenye PLL, kwa hiyo kila nilipogusa PLL maandishi yaligeuka kuwa takataka. Iliniudhi sana wakati ule. Leo naona ilikuwa baraka: PLL ikikosea, konsoli inakuambia papo hapo. Kwenye bodi hii mpya UART inachukua mapigo moja kwa moja kutoka kwenye kristali. Maandishi yalitoka safi, herufi kwa herufi, haidhuru PLL inafanya nini huko nyuma. Kipimo changu cha bure kilikuwa kimeondolewa na sikukumbuka kukitafutia mbadala.

Sasa kumbukumbu.

DDR3, aina ya kumbukumbu iliyo kwenye bodi hii, ina utaratibu wake wa kuamka, na utaratibu huo umeandikwa kwenye kiwango cha JEDEC (shirika la viwango vya elektroniki) kiitwacho JESD79-3, toleo la kwanza 2007. Laini ya RESET inashikiliwa chini angalau mikrosekunde 200 baada ya umeme kutulia. Unaiachia, unasubiri mikrosekunde 500 nyingine CKE, laini ya kuruhusu saa, ikiwa bado chini. Kisha unaandika rejista za ndani za chipu ya kumbukumbu kwa mpangilio ambao mwanzoni unaonekana kama mzaha: MR2, MR3, MR1, na mwisho MR0. Halafu unaagiza ulinganishaji wa ZQ, ambapo chipu inajipima ukinzani wake dhidi ya rezista ya omu 240 iliyo pembeni yake kwenye bodi. Unasubiri mapigo 512. Baada ya hapo ndipo kidhibiti kinaanza mafunzo, yaani kutafuta kwa kujaribu-jaribu ni wakati gani hasa wa kufungua dirisha la kusoma kila baiti, maana nyaya hazilingani urefu na umeme hausubiri mtu.

Sehemu ya mafunzo ndiyo ambayo watu huiogopa, na kwa kweli ndiyo niliyoitilia shaka muda mrefu zaidi. Lakini chini yake kuna sehemu nyingine ambayo haimtishi mtu kwa sababu ni jedwali tu. Datashiti ya chipu ya kumbukumbu inakupa nyakati kwa nanosekunde. Safu ya kumbukumbu ikifunguliwa, subiri nanosekunde 13.75 kabla ya kusoma. Kutoka kufungua safu hadi kufungua nyingine kwenye benki (fungu la safu) ileile, 48.75. Kuhuisha kukianza, usiiguse chipu kwa nanosekunde 260. Hiyo ya mwisho inaitwa tRFC, na 260 ni ya chipu ya gigabiti 4. Ya gigabiti 2 ni 160.

Kidhibiti hakijui nanosekunde ni nini. Kinahesabu mapigo ya saa tu. Kazi ya kiendeshi ni kuchukua kila nanosekunde, kuizidisha kwa masafa ya saa, na kupandisha jibu hadi namba kamili inayofuata, kwa sababu nyakati hizi ni za chini kabisa zinazoruhusiwa: ukikaa zaidi hakuna ubaya, ukiwahi unaharibu. Kuna mmoja tu kwenye jedwali langu unaokwenda kinyume. Kila kapasita ndani ya DDR3 huvuja chaji yake, kwa hiyo kumbukumbu yote lazima ihuishwe ndani ya milisekunde 64, kwa amri 8,192, ambayo ni amri moja kila mikrosekunde 7.8. Huo ni wakati wa juu kabisa, hivyo wenyewe hushushwa. Nimeshamkuta mtu aliyepandisha yote kwa mkupuo mmoja. Haikumletea madhara, kwa sababu pigo moja kati ya elfu tatu si kitu, lakini nilimwambia arekebishe.

Masafa nayaita kwa `clk_get_rate()`. Hicho ndicho kinachofanya mfumo wa viendeshi wa U-Boot upendeze: kiendeshi cha kumbukumbu hakijali saa inatoka wapi, kinauliza tu, na kiendeshi cha saa kinajibu. Kinauliza, kinaamini.

Kabla sijaendelea, kuna kisa kidogo kilichotangulia ambacho kinanichekesha hadi leo. Nilihitaji kutunza matokeo ya hatua moja ya mafunzo ili hatua ya pili iyatumie. Nikatangaza kigeu cha `static` juu ya faili, bila thamani ya mwanzo. Kompaila, kwa haki yake, ikakiweka kwenye BSS, sehemu ya vigeu visivyo na thamani ya mwanzo. Na BSS ya SPL kwenye bodi hii, kama kwenye nyingi, imepangiwa kukaa ndani ya DDR kwa sababu SRAM haitoshi. Maana yake kiendeshi cha kuamsha DDR kilikuwa kinaandika madokezo yake ndani ya DDR ambayo bado hakijaiamsha. Ni kama kuufungia ufunguo wa nyumba ndani ya nyumba. Nilikihamishia kwenye sehemu ya `.data`, ikaisha. Hilo lilinigharimu mchana mmoja.

Siku nyingine nilisahau kuweka alama ya `bootph-all` kwenye mti wa vifaa, faili linaloorodhesha vifaa vya bodi. SPL hupewa mti uliopogolewa, wenye matawi yaliyowekwa alama tu. Tawi la saa likakatwa, kiendeshi kikasema hakuna saa. Dakika ishirini. Tuendelee.

Rudi kwenye ile bodi inayolia usiku. Nilianza pale ambapo kila mtu huanza: jaribio la kumbukumbu. Jaribio langu la kwanza liliandika megabaiti moja ya ruwaza, likaisoma, likasema salama. Likarudia mara elfu, salama. Nikafurahi kwa nusu saa hivi, mpaka nilipokumbuka kwamba nilikuwa nimewasha kashe ya data (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ili kuharakisha upakiaji, na jaribio lenyewe lilikuwa linapima ruwaza kwa vipande vya kilobaiti 16. Kila kipande kiliandikwa na kusomwa ndani ya kashe kabla hakijafika kwenye DDR. Nilikuwa napima prosesa, na prosesa ilikuwa nzima.

Nikaizima kashe. Nikapima waya za data kwa biti moja inayotembea, kisha waya za anwani. Hili la anwani ndilo ninalopenda. Unaandika thamani tofauti kwenye anwani za vipeo vya mbili: mwanzo, megabaiti 1, 2, 4, hadi mwisho, kisha unarudi kuangalia kama kuna aliyemkanyaga mwenziwe. Chipu ya gigabiti 4 yenye upana wa biti 16 ina biti 15 za safu. Ya gigabiti 2 ina 14. Ukimdanganya kidhibiti kwamba zipo 15 wakati zipo 14, waya wa juu unaishia hewani, na anwani ya megabaiti 256 inaangukia palepale palipo sifuri. Andika huku, ibuka kule. U-Boot inautumia ujanja huohuo kwenye `get_ram_size()` kujua ukubwa halisi. Kwenye bodi yangu anwani zote zilikuwa tofauti. Megabaiti 512 kamili, kila moja mahali pake.

Kwa hiyo kumbukumbu ilikuwa nzima, na bado ilikuwa inaoza.

Nilichofanya siku zilizofuata sijivunii. Nilibadilisha nguvu ya kuendesha waya, ohmu 34 badala ya 40. Nikabadilisha ukinzani wa mwisho wa waya. Nikapunguza dirisha la mafunzo, nikaliongeza. Nikasoma umeme wa volti 1.5 mara ishirini. Nikamwandikia aliyechora bodi barua ya adabu lakini yenye kidole kilichonyooka, nikisema urefu wa nyaya zake unanitia mashaka. Yeye ni dada mkubwa kwangu kiumri na kikazi, na alijibu kwa mstari mmoja: nyaya zake ziko sawa, na ameambatisha jedwali. Zilikuwa sawa.

Kitu kimoja cha maana nilikigundua kwa bahati. Nilikuwa na kikausha nywele mezani, cha kupashia bodi. Nikiipasha chipu ya kumbukumbu, makosa yalikuja ndani ya dakika mbili. Nikiiacha ipoe, yalipotea kwa saa nzima. Hapo nikajua kwamba kuna wakati fulani ambao tunaupita kwa upenyo mdogo mno, na joto linaumaliza upenyo huo. Nikarudi kwenye jedwali la nyakati nikaanza kuongeza pigo moja hapa, pigo moja pale. Nilipofika kwenye tRFC na kuiongezea mapigo kumi, makosa yalipungua sana lakini hayakuisha. Nilidhani nikiongeza kumi mengine kila kitu kitatulia, na kusema kweli vidole vilikuwa vimeshaanza kuandika. Lakini hesabu ilikuwa 107, na 107 ilikuwa sahihi. Nilikuwa nimeihakiki kwa kalamu: saa ya kumbukumbu ikiwa megahezi 408, yaani mapigo 0.408 kwa kila nanosekunde, 260 mara 0.408 ni 106.08, panda, 107. Kama namba ni sahihi na bado haitoshi, basi moja ya namba nilizozidisha ni ya uongo. 260 imeandikwa na mwenye chipu.

Yule dada akapita mezani kwangu jioni hiyo, akatazama skrini bila kuketi.

"Mdogo wangu, hiyo 408 umeiona wapi?"

"Kiendeshi cha saa kinasema hivyo, dada."

"Kiendeshi cha saa kimeandikwa na nani?"

Sikumjibu. Akacheka, akaenda zake.

Chipu nyingi zina pini moja inayoweza kutoa nje saa yoyote ya ndani, ikiwa imegawanywa. Yangu inayo, na kigawanyo chake kinafika 16. Nikaielekeza kwenye PLL ya kumbukumbu, nikaweka ncha ya osiloskopu, kifaa cha kuonyesha na kupima mapigo ya umeme. 408 ikigawanywa kwa 16 ni 25.5. Skrini ikaandika 27.0. Nikabadilisha ncha. 27.0. Nikaielekeza pini kwenye kristali, bila PLL, nikaipata 24 ikigawanywa ilivyopaswa. Nikairudisha. 27.0. Mara 16 ni 432.

Tofauti kati ya 432 na 408 ni 24. Mzidisho mmoja kamili wa kristali.

Hapo sikuhitaji tena osiloskopu. Nilifungua mwongozo wa chipu kwenye ukurasa wa rejista ile. Sura ya maelezo ina fomula: masafa ni 24 mara N. Jedwali la biti, kurasa nyingi baadaye, linasema kwamba N ni thamani iliyoandikwa kwenye rejista jumlisha moja. Ninyi mnaosoma miongozo hii mnajua: ukiandika 0 unazidisha kwa 1, ili biti zisipotee bure. Kitu cha kawaida kabisa. Ila PLL ya prosesa kwenye chipu hiyohiyo haifanyi hivyo. Yake unaandika N kama ilivyo. Mimi nilianza na ya prosesa, nikaithibitisha, kisha nikanakili fanksheni kwa ajili ya ya kumbukumbu. Nilitaka 408, nikaandika 17, chipu ikasoma 18.

Na hapa ndipo ninapotaka mtu anayeandika kiendeshi cha saa akae kidogo. Kwa nini sikuliona kosa? Nilikuwa nimelijaribu. Nilipanga masafa kwa `clk_set_rate()`, kisha nikayauliza kwa `clk_get_rate()`, na majibu yakalingana hadi hezi ya mwisho. Lakini fanksheni zote mbili zilitumia fomula moja. Ya kwanza ilikosea kuandika, ya pili ikakosea kusoma kwa namna ileile, na makosa mawili yakapatana vizuri kabisa. Kesi ya ngedere, hakimu nyani. Jaribio la namna hiyo linaweza kupita miaka mia bila kukuambia chochote kuhusu chipu. Linakuambia tu kwamba wewe unakubaliana na nafsi yako.

Usiku huo nilikaa na karatasi kuangalia kosa la asilimia sita hivi liliwezaje kujificha muda wote huo, na jibu lilinipendeza kiasi cha kunisahaulisha hasira. Lilijificha nyuma ya kupandisha namba. Chukua zile nanosekunde 13.75 za kufungua safu. Kwa 408 unapata mapigo 5.61, unapanda hadi 6. Kwa saa halisi ya 432, mapigo 6 ni nanosekunde 13.89. Bado imetimia! Ile sehemu ya pigo uliyoongeza kwa kupandisha imelipa deni lote. Nyakati fupi karibu zote ziliokolewa hivyo. Ila kadiri wakati unavyokuwa mrefu, ndivyo kupandisha pigo moja kunavyokuwa msaada mdogo. Zile 48.75 zilipewa mapigo 20, ambayo kwa kweli ni 46.3. Na tRFC ilipewa mapigo 107, ambayo kwa 432 ni nanosekunde 247.7. Kila baada ya mikrosekunde 7 na kitu, chipu ilikuwa ikiombwa data nanosekunde 12 kabla haijamaliza kuhuisha safu zake. Ikiwa baridi iliweza kuwahi. Ikipata joto ilichelewa, na biti moja mahali fulani ikabaki nusu. Mahali popote, ndiyo maana kilio hakikuwahi kufanana.

Na ile mikrosekunde 7.8 ya kuhuisha? Ilifupika hadi 7.37, yaani kumbukumbu ilihuishwa mara nyingi zaidi ya inavyotakiwa, jambo ambalo kwa kawaida lingekuwa usalama wa ziada. Hapa liliongeza tu idadi ya nafasi za kukosea.

Hata jaribio langu la anwani nikalielewa kwa nini halikuona kitu. Linaandika maneno machache, linasoma, linaondoka ndani ya milisekunde. Hitilafu iliyokuwa inahitaji kugongana na kuhuisha, kwenye joto, haikupewa nafasi.

Marekebisho yalikuwa herufi chache: `n` ikawa `n + 1` sehemu moja, na `n - 1` sehemu nyingine. Nikaongeza na kitu ambacho sasa nakiweka kwenye kila bodi. Mwanzoni mwa SPL, kabla kumbukumbu haijaguswa, nawasha kihesabu kinachoendeshwa na saa ninayoitilia shaka, nakiacha kwa milisekunde moja iliyopimwa kwa taima ya kristali, nasoma kimefika wapi. Kikitofautiana na jibu la `clk_get_rate()` kwa zaidi ya asilimia moja, SPL inasema na kusimama. Inakula baiti kama 200 za SRAM. Kuna mwenzangu aliyesema ni nyingi. Nimemwachia aseme.

Nikaipasha bodi kwa kikausha nywele mpaka kidole hakivumilii, usiku kucha, siku tatu. Kimya. Nikatuma toleo jipya.

Baada ya wiki moja nikapata malalamiko. Mtu wa programu za juu alikuwa amepima kasi ya kumbukumbu kabla na baada, na toleo langu jipya lilikuwa limeshuka kwa asilimia tano na ushee. Alitaka kujua nimeharibu nini. Nilimweleza kwamba kasi aliyoizoea ilikuwa ni kosa, akanielewa, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: chipu ya kumbukumbu yenyewe inaruhusu 432? Nikaangalia. Inaruhusu, na bila wasiwasi. Imetengenezwa kwa 800. Kidhibiti nacho kinaruhusu. 408 ilikuwa namba niliyoichagua mimi siku ya kwanza ili kuanza taratibu, na hakuna aliyewahi kurudi kuuliza.

Basi nikaomba 432 kwenye mti wa vifaa. Kiendeshi kikahesabu upya: tRFC ikawa mapigo 113, zile 48.75 zikawa 22. Nikaipasha tena siku tatu. Kimya.

Nilipochungulia rejista ya PLL kwa dibaga kabla ya kufunga kazi, ilikuwa na 17 ndani yake, ileile niliyoiandika siku ya kwanza.